Gundi ya Pampu ya Insulini na Visa Vyake

Pampu ya insulini ni kifaa kidogo cha betri kinachompa mwenye kisukari dawa yake kidogo kidogo, usiku na mchana, kupitia kijimrija laini kilichochomekwa chini ya ngozi. Ndani yake mna mota, hifadhi ya dawa, na programu inayopiga mahesabu ambayo mhasibu wa kawaida angeomba posho kwanza. Utaalamu wote huo umeshikizwa mwilini na kipande cha plasta. Plasta ikishika vizuri, hakuna anayeikumbuka. Ikiachia, au ikiikera ngozi, kifaa chenye bei ya kushinda pikipiki kinageuka pambo.

Pampu zenyewe ni za namna mbili. Ya kwanza hukaa mfukoni au kiunoni, na mpira mwembamba unatoka humo hadi kwenye plasta ya tumboni. Ya pili haina mpira. Hubandikwa nzima nzima kwenye mkono, paja au tumbo. Kwa zote mbili, sehemu iliyogusana na ngozi kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya siku 2 au 3. Waswahili walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na pampu ndiye mgeni anayeitii kauli hiyo bila kusukumwa, ila yeye hapewi jembe: anabanduliwa, na mwenzake anapokewa saa hiyo hiyo kwenye chumba cha jirani. Sensa ya kupima sukari, ambayo wengi huivaa pamoja na pampu, haina haraka hiyo. Nyingine hukaa siku 10, nyingine 14. Ukijumlisha, mtu mmoja hubandika plasta za pampu 120 hivi kwa mwaka, na juu yake sensa zaidi ya 25. Ngozi ya binadamu haikuumbwa kwa ratiba hiyo, na mara kwa mara hulalamika.

Mambo hayakuanza hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Arnold Kadish wa Los Angeles alitengeneza pampu ya mwanzo ya insulini, nayo ilibebwa mgongoni kama shehena. Aliyeibeba alikuwa na mengi ya kulalamikia kabla hajafika kwenye plasta. Kadiri vifaa vilivyopungua ukubwa ndivyo mzigo ulivyohama kutoka mgongoni kwenda kwenye gundi. Leo Afrika Mashariki wengi wanaotumia insulini bado wanaichoma kwa sindano. Pampu hukutwa zaidi kwa Waswahili walioko Oman na nchi nyingine za Ghuba, Ulaya na Amerika Kaskazini, pamoja na yule anayekuja nayo likizo Mombasa mwezi wa Desemba, kaskazi ikiwa imetulia na shati limeshagandana na mgongo.

Gundi hiyo hutakiwa itimize mambo mawili yasiyopatana. Kwanza ishike kwa siku tatu bila kujali jasho, maji ya kuoga, mkanda wa gari na usingizi wa kugaragara. Kisha, siku ya kubadilisha ikifika, iachie kwa upole. Watengenezaji wamefaulu zaidi katika sharti la kwanza, na hata hilo si kila siku.

Plasta isiyoshika huwa na sababu za kawaida. Ngozi ina mafuta, au ina unyevu, au aliyejibandika alikuwa ameshapaka losheni akakumbuka pampu baadaye. Kona moja huinuka. Kona iliyoinuka huanza biashara yake ya kukusanya: nyuzi za kanga, mchanga, vumbi la mto, mpaka ukingo wote unakuwa na mstari mweusi usiotoka kwa sabuni. Siku ya pili plasta hupatikana ndani ya mkono wa kanzu, au imelishika shuka kwa uaminifu ambao ngozi haikuuona. Kwa pampu za mpira, adui mkubwa ni kitasa cha mlango. Mpira hunasa kwenye kitasa, mwenye nao anaendelea na safari, na insulini inabaki mlangoni. Watoto wadogo nao huuona mpira ule kuwa umewekwa kwa ajili yao.

Kichekesho hiki kina mpaka wake. Pampu hutumia insulini ya kufanya kazi haraka peke yake, kwa hiyo mwilini hakuna akiba. Kijimrija kikichomoka bila mtu kujua, sukari hupanda ndani ya saa chache, na ketoni, yaani sumu za mafuta yanayochomwa ovyo, huanza kujikusanya. Ndiyo maana mvaaji mzoefu huonekana akijipapasa tumboni katikati ya mazungumzo, jambo ambalo wageni hulitafsiri kuwa ni njaa.

Plasta inayoshika mno ina visa vya kinyume. Ikivutwa kwa nguvu huondoka na tabaka la juu la ngozi, na pale pale panabaki pekundu, pabichi, panawasha maji yakigusa. Wapo wanaoamini kufumba macho na kung'oa mara moja. Wauguzi hawako upande wao. Njia inayopendekezwa ni kuanza na kona, kuikunja plasta irudi nyuma sambamba na ngozi badala ya kuivuta juu, na kuibonyeza ngozi kwa mkono wa pili huku ikiachia taratibu. Mafuta husaidia sana: ya watoto, ya nazi, au vile vitambaa vyenye majimaji ya silikoni vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Hapa ndipo mafuta ya nazi hupewa hadhi mbili. Siku ya kubandika ni marufuku; siku ya kubandua ni dawa. Baada ya hapo yaoshwe yote kwa sabuni isiyo na manukato, la sivyo plasta inayofuata itateleza kabla ya adhuhuri.

Nywele ni suala la wanaume zaidi. Tumbo lenye nywele likibandikwa, ubanduaji wake husikika chumba cha pili. Anayekimbilia wembe hupata vipele kwenye vinyweleo, na plasta mpya juu ya vipele ni kero juu ya kero. Kupunguza kwa mashine ya kunyolea au mkasi kunatosha.

Kuwasha kwenyewe si kwa namna moja, na anayezichanganya namna zake hujitibu ugonjwa wa jirani. Kwenye joto la pwani, jasho lililokosa njia chini ya plasta huleta harara: vipele vidogo vinavyochoma na kutulia vyenyewe plasta ikitolewa na ngozi ikipata hewa. Namna ya pili ni ngozi kukereka tu, kwa kuvutwa, kusuguliwa, au kwa spiriti iliyofunikwa kabla haijakauka. Hii huishia pale pale ilipokuwa plasta, na kwa kawaida hupungua ndani ya siku chache. Namna ya tatu ni aleji, na hiyo ndiyo yenye hila. Haiji siku ya kwanza. Mtu huvaa kifaa kwa miezi akiwa salama na kuwasifia wenzake, huku mfumo wa kinga ukijifunza kimya kimya. Siku ukishajifunza, hausahau. Kila plasta mpya, baada ya siku moja hadi tatu, huleta mwasho mkali, malengelenge, majimaji, na upele unaovuka mipaka ya plasta kama vile haukuiona.

Kwa aleji ya aina hii watu wengi huilaumu gundi inayogusa ngozi, na mara nyingi mkosaji hakuwa hapo. Mwaka 1995 madaktari wa Ubelgiji waliandika juu ya mgonjwa wa kisukari aliyepata ukurutu kwa sababu ya kemikali iitwayo isobornili akrilati iliyokuwa katika vifaa vya pampu yake. Habari hiyo ikawekwa kabatini. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, mwaka 2017, watafiti wa Ubelgiji na Sweden waliikuta kemikali ile ile katika sensa ya sukari iliyokuwa ikivaliwa na watu wengi, kisha ikaonekana katika pampu za kubandika pia. Haikuwa kwenye plasta. Ilikuwa juu, katika gundi iliyounganisha vipande vya plastiki vya kifaa, na kutoka huko ilipenya polepole kupitia plasta hadi ngozini. Mtu aliweza kubadilisha plasta za kila duka asipone, kwa kuwa alikuwa akimfukuza mlinzi huku mwizi akipitia darini. Chama cha madaktari wa Marekani wanaoshughulikia ukurutu wa mguso kiliichagua kuwa kileta-aleji cha mwaka 2020, tuzo ambayo hakuna kampuni iliyotuma mjumbe kuipokea. Baadhi ya watengenezaji wameshaiondoa, wengine wamebadilisha namna ya kuunganisha plastiki. Wapo pia wanaosumbuliwa na akrilati nyingine, na wapo wanaodhurika na kolofoni, utomvu wa msonobari ambao wapiga fidla huupaka kwenye upinde.

Upelelezi huo ulichukua muda kwa sababu moja ya kuchekesha isiyochekesha. Ulaya, chupa ya losheni ni lazima itaje viungo vyake kwa maandishi. Kifaa kinachokaa mwilini siku 14 hakikubanwa hivyo. Madaktari wa ngozi waliowauliza watengenezaji kilichomo walijibiwa, mara nyingine, kwa ukarimu wa maneno na uchache wa habari.

Ngozi nyeusi ina shauri lake, na vitabu vingi haviligusi. Maelezo ya upele huanza na neno "wekundu" na picha za ngozi nyeupe. Juu ya ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kama weusi uliozidi, zambarau au kijivu, na mwuguzi asiyezoea anaweza kusema haoni kitu wakati mgonjwa anajikuna mbele yake. Joto, uvimbe na ukwaru chini ya kidole hueleza zaidi kuliko rangi. Upele ukipona, doa jeusi hubaki miezi kadhaa, la mraba au la duara kufuatana na kiwanda, hivi kwamba historia ya vifaa alivyovaa mtu husomeka tumboni mwake.

Nyumba nzima hutoa ushauri kabla ya daktari. Shangazi huleta manjano, mjomba hutaja maji ya chumvi, na kila mtaa una bingwa wa limau. Limau ndilo la kukataliwa waziwazi: juu ya ngozi iliyochubuka huchoma, na ngozi yenye majimaji yake ikipigwa na jua inaweza kutoka malengelenge mapya. Krimu ya steroidi iliyoandikwa na daktari hutuliza upele; ile ya kung'arisha uso iliyonunuliwa sokoni si mbadala wake. Vidonge vya aleji vya kila siku humsaidia mtu alale, lakini havizuii sana aleji ya aina hii inayochelewa. Pakitoka usaha, au pakiwa pa moto na homa imeanza, hapo si aleji tena bali ni maambukizi, na safari ni ya hospitali.

Daktari wa ngozi ana kipimo chake, ambacho msingi wake uliwekwa na Mjerumani Josef Jadassohn mwaka 1895. Ili kujua ni plasta gani inayomuumiza mgonjwa, humbandika plasta nyingine nyingi mgongoni, kila moja na chembe ya kemikali tofauti. Hukaa saa 48. Katika muda huo mgongo hauoshwi wala hautoki jasho, sharti rahisi Stockholm na gumu Muscat. Zikitolewa, husomwa, na husomwa tena siku kadhaa baadaye, maana aleji hii haipendi kuwahi. Kipimo kina thamani pale tu kemikali zinazotuhumiwa zimo katika seti ya daktari. Isobornili akrilati haikuwa katika seti nyingi za kawaida, na hiyo nayo iliuficha ukweli.

Kwa asiye na aleji kamili, kinga ni mpangilio. Sehemu za kubandika huzungushwa, tumbo kulia, tumbo kushoto, paja, mkono, ili pale palipochoka papumzike. Hilo lina faida ya pili, kwa kuwa insulini ikiingia pahali pamoja kila mara hujenga uvimbe wa mafuta usiofyonza dawa sawasawa. Ngozi huoshwa, huachwa ikauke kabisa, kisha hupakwa majimaji ya kinga yanayoacha utando mwembamba. Wengine hutanguliza kitambaa cha haidrokoloidi, kile cha kufunikia vidonda, na kubandika pampu juu yake; kijimrija kikiwa kifupi, kitambaa hukatwa dirisha ili dawa isiishie njiani. Wengine hupulizia ngozi dawa ya steroidi ya mafua ya puani, wakaisubiri ikauke. Njia hii hutumika kweli katika kliniki za kisukari, ingawa hutaka idhini ya daktari kwa kuwa steroidi ya muda mrefu huifanya ngozi iwe nyembamba. Mfamasia anayesikia kuwa dawa ya pua ni ya tumbo huomba kurudiwa. Mwisho huongezwa plasta ya juu ya kuzuia kona, na mvaaji hujikuta na gundi ya kushikilia plasta inayolinda kitambaa kinachozuia gundi. Kila ghorofa ya jengo hilo ina kemikali zake, kwa hiyo anayewashwa hushauriwa kupunguza tabaka kabla ya kuongeza.

Yote yakishindikana, pampu hupumzishwa. Hili hufanywa na daktari akiwa na kalamu mkononi, kwa sababu kuacha insulini ya haraka ya pampu kunadai ile ya muda mrefu ichukue nafasi yake siku hiyo hiyo, kwa kipimo kilichokokotolewa. Ngozi hupoa. Mwenyewe hufurahia kuoga bila kujikagua, kisha sindano nne au zaidi kwa siku humfanya aulizie mapema kuliko alivyoahidi kama kuna kifaa cha aina nyingine. Kifaa hicho hakivaliwi moja kwa moja. Plasta yake hujaribiwa kwanza bila dawa, kwa siku zile zile ambazo ingekaa, na sehemu iliyojaribiwa huangaliwa kwa siku kadhaa baada ya kuitoa. Ikipita, pampu hurudi upande wa pili wa tumbo.