Mawakili Saba wa Bure wa Karurumo

Mtu wa Karurumo akipata viza asubuhi, kufikia jioni soko zima limehitimu sheria. Kila mmoja ana neno la kumpa: jinsi ya kuishi kule, kodi ya kukwepa, ploti ya kununua. Ushauri wenyewe hautozwi hata shilingi. Bili huja baadaye, ndani ya bahasha yenye nembo ya serikali. Nimewapanga mawakili hawa kwa hatari yao, nikianza na asiyeuma sana.

7. Kinyozi

Mashine ikinguruma nyuma ya sikio lako, anakutangazia kwamba ukichukua pasipoti ya kule, uraia wa Kenya umekwenda. Inaonekana redio yake iliharibika kabla ya Agosti 2010. Katiba iliyoanza kutumika mwezi huo inasema, katika kifungu cha 16, kwamba raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine. Aliyeupoteza zamani anaweza kuomba arudishiwe. Kumbuka mambo mawili tu: utangaze uraia wa pili ndani ya miezi mitatu, na usahau ubunge maadamu una pasipoti mbili. Hilo la pili lilimuuma kinyozi kuliko wewe. Alikuwa ameshajiteua msaidizi wako.

6. Makanga wa matatu ya Embu

"Ukishavuka, KRA watakutoa wapi?" anauliza akining'inia mlangoni. Hao wa mamlaka ya ushuru hawana haja ya kukutoa popote, PIN yako ya kodi wanayo. Ikiwa bado ina wajibu wa kodi ya mapato, inadaiwa ritani kila mwaka kufikia tarehe 30 Juni, hata kama ni ya sufuri. Mtu binafsi akichelewa hutozwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, yoyote iliyo kubwa. Ukinyamaza miaka sita, hizo ni 12,000. Mbuzi wa Krismasi ameliwa na hukuonja hata supu.

Krismasi yenyewe nayo ina mtego. Sheria ya Kodi ya Mapato inamhesabu kuwa mkazi yeyote mwenye makao ya kudumu Kenya ambaye alikuwa nchini kwa muda wowote mwaka huo. Rudia hapo: muda wowote. Ile nyumba ya mawe uliyojenga pembeni mwa boma la mzee, ikikutana na ile wiki yako ya nyama choma, inaweza kukufanya mkazi, na mkazi huulizwa hata mshahara wa ng'ambo. Asiye na makao ya kudumu huhesabiwa siku: 183 kwa mwaka, au wastani wa zaidi ya 122 ukijumlisha na miaka miwili iliyotangulia. Tunza tiketi za ndege. Makanga hatakuja kukutolea ushahidi.

5. Binamu aliyeko Dallas

Huyu ana lafudhi, kwa hiyo tunamwamini. "Akaunti ya nyumbani ni ya nyumbani, Marekani haiwahusu." Inawahusu. Marekani humtoza raia wake na mwenye kadi ya kijani kwa mapato ya dunia nzima. Tena, akaunti zake za nje zikijumlishwa zikapita dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, lazima azitangaze kwa fomu iitwayo FBAR.

Sasa sikia utamu wake: hesabu hiyo inashika hata akaunti ambayo wewe ni mtia saini tu. Unaikumbuka ile ya ukoo ya kununua shamba, ambayo wazee walikupa saini kwa sababu wewe ndiye msomi? Ndiyo hiyo. Fomu haitozi kodi, ila faini ya kuipuuza hufika maelfu ya dola. Wala usijifiche nyuma ya mkataba wa kuzuia kodi maradufu. Kenya inao na Uingereza, Kanada na Ujerumani. Na Marekani haina.

4. Shangazi, mweka hazina wa chama

"Tuma keshi kwa wakala, inafika haraka." Tangu tarehe 1 Januari 2026, Marekani inakata asilimia 1 ya pesa zinazotumwa nje ya nchi ukizilipia kwa noti mkononi. Zikitoka kwenye akaunti ya benki, haikati. Shangazi, kwa heshima zote, tupitie benki.

3. Mtu wa kliaransi

Unataka kurudi na gari lako bila ushuru. "Hiyo ni kupiga simu moja tu," anasema, kisha anaomba ya simu. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamsamehe mkazi anayerejea, lakini ina macho. Uwe umeishi nje angalau miaka miwili, na ziara zako za nyumbani katika miaka hiyo zisizidi siku 90 kwa jumla. Gari uwe umelimiliki na kulitumia huko angalau miezi 12. Lisiwe limepita miaka 8, na usukani uwe kulia. Kwa hiyo aliyekuja kila harusi na kila matanga amejilia msamaha wake mwenyewe. Na yule wa Dallas? Usukani wake uko kushoto.

2. Dalali wa ploti

Anasimama katikati ya mibuni, anagonga bikoni kwa ncha ya kiatu, na kukuonyesha kwa simu ya video. "Hii ni safi, haina mambo ya bodi." Hapo kata simu. Ardhi ya kilimo haiuzwi bila idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na maombi hupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkubaliane. Bila idhini, mkataba ni karatasi ya kufungia njugu.

Na kama mume wako ni Mjerumani, naye asidanganywe. Kwa kifungu cha 65 cha Katiba, asiye raia hapewi ardhi ila kwa kukodishwa, na isizidi miaka 99. Hapo ndipo uraia uliokaribia kuutupa kwa kinyozi unapoonyesha thamani yake.

Dalali akishindwa, huja na dawa yake ya mwisho: "Basi tuandike jina la kaka." Kaka ni mtu mwema. Ila hati haisomi wema, husoma jina. Ukitaka mtu akuwakilishe, mwandikie hati ya uwakilishi mbele ya mthibitishaji huko uliko, kisha isajiliwe huku. La sivyo, ukirudi utakuta ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu "Ploti hii haiuzwi", na mwandiko ni wa kaka.

1. Wewe mwenyewe, saa nane za usiku

Ndiyo, wewe. Uko kitandani kwenye baridi ya ugenini, simu usoni, umesoma kurasa mbili na kuona video moja, na tayari umejitolea hukumu. Wale sita hawana nguvu hadi wewe uwakubalie.

Wakili wa kweli ana cheti cha kazi cha mwaka huu, na jina lake hutafutwa kwenye orodha ya Chama cha Mawakili Kenya. Wakala wa kodi huwa na leseni. Kule uliko pia, uliza usajili kabla ya kuuliza bei: Marekani, kwa mfano, notari hugonga muhuri tu, si wakili. Mlipe mmoja wa huku na mmoja wa kule saa moja ya kazi yao, na uwaulize wote wawili swali lile lile: kwa kodi, mimi ni mkazi wa wapi?

Itakugharimu zaidi kuliko kunyolewa. Ni nafuu kuliko ploti. Na kabla hujalala, fungua iTax, tovuti ya KRA, uone ritani yako ya mwisho ni ya mwaka gani.