Gari la Moshi Lililotoa Moshi

Kilichoniponza ni bei. Shilingi mia tatu, kwenye rundo la vichezeo vya mitumba Kongowea: kichwa cha treni chenye urefu wa shubiri, vipande kumi na viwili vya reli, na transfoma. Nyumbani nilisema nimemnunulia mpwa wangu. Mpwa wangu ana miezi minane.

Hesabu nilikuwa nimeshazipiga. Reli zile zina upana wa milimita 16.5. Zidisha kwa 87, ndicho kipimo cha treni hizi, wapata kama 1435, upana ule ule wa reli ya SGR inayoanzia Miritini. Kwa hiyo mimi, mtu wa Junda, nimeileta SGR hadi sebuleni kwangu.

Plagi ya transfoma ilikuwa na meno mawili bapa, ya Kimarekani. Mwenye akili zake angejiuliza mbona haiingii ukutani. Mimi nikaenda dukani kutafuta adapta ili iingie. Mgongoni imeandikwa volti 120. Ukuta wetu watoa 240. Ikanguruma kama paka mwenye mafua, ikatoa harufu, kisha moshi.

"Si wasema ni gari la moshi?" mama akauliza kutoka jikoni. "Basi lafanya kazi."

Kijana wa kutengeneza simu kule Mishomoroni aliiangalia transfoma akasema hiyo ni ya kuzika. Kichwa akakigeuza miguu juu, akakigusisha nyaya mbili kutoka kwenye betri ya pikipiki, moja magurudumu ya kulia, moja ya kushoto. Yakazunguka. "Mota nzima, mzee. Shida ni umeme kuifikia." Akanieleza: umeme hupanda kutoka reli moja, hupita gurudumuni, hushika waya mwembamba hadi kwenye vijipande viwili vya makaa vinavyogusa mota, kisha hushukia reli ya pili. Uchafu ukikaa popote njiani, treni haiendi. Hata ile ya Miritini, akasema, dizeli yake kazi yake ni kuzungusha jenereta. Magurudumu yazungushwa na mota za umeme. Nilitoka pale najiona mhandisi.

Reli zangu zilikuwa na kutu, na kwa chumvi ya hewa yetu hilo si ajabu. Nikachukua waya wa kusugulia sufuria. Nilisugua tangu Alasiri hadi adhana ya Magharibi, reli zikang'aa kama jino la dhahabu. Nilichosahau ni kwamba ndani ya mota mna sumaku. Kwa ile betri ya pikipiki, niliyoiazima, kichwa kilitembea kama sentimita kumi kikagoma. Kukifungua, mota imeota ndevu! Ndevu za chuma, zimejisokota pale kwenye makaa, zimeunganisha visivyofaa kuungana. Shoti. Nilizing'oa moja moja kwa kibano cha nyusi cha mke wangu, naye akapata habari ya waya wake na ya kibano chake usiku mmoja.

Mama akashauri mafuta ya nazi. Nikapaka relini. Mafuta ya nazi hayapitishi umeme. Nikapangusa.

Ikabaki kutafuta umeme wenyewe, maana pikipiki ya watu ilitaka betri yake. Nikazunguka nyumba nikisoma migongo ya chaja. Hii volti 5, hii 19. Nyuma ya kabati nikaipata moja: volti 12, ampea 1. Nikaichomoa, nikaunga nyaya mbili mdomoni mwake, nikazipeleka relini.

Treni ikaenda! Ikauzunguka mkeka kwa kasi ya kutisha, maana pa kuipunguzia hapana. Raundi ya tano, milango mitatu ikafunguliwa kwa pamoja.

"Nani amezima Wi-Fi?"

Tulikaa kikao. Ratiba iliyopitishwa ni hii: treni itasafiri Jumapili, saa nane hadi saa tisa mchana, na chaja irudi kwa ruta kabla ya saa tisa na dakika tano. Ukinitumia ujumbe saa hiyo usingoje jibu. Piga simu.