Hifadhi Tarehe, na Laki Moja

Vijana wawili wa Kimara, Dar es Salaam, walikuwa wameshalipa kianzio cha ukumbi, padre ameshawapa siku, na mahari, baada ya mshenga kupanda na kushuka, ilikuwa imebaki mbuzi mmoja tu. Lililowashinda lilikuwa dogo kuliko yote: wawatangazie watu tarehe miezi tisa kabla, au wanyamaze mpaka kadi zitoke?

Bibi harusi mtarajiwa alitaka tangazo. Alishaona ya wenzake mtandaoni: wawili wameegemeana ufukweni Coco, chini yao tarehe kwa herufi za dhahabu. Mwenyekiti wa kamati, baba mdogo wa bwana harusi, alipinga kwa sauti ya mtu aliyeongoza kamati nyingi na kuzivunja zote kwa nyama choma.

“Mwanangu,” alisema, “mtu wa mjini ukimwambia ahifadhi tarehe, anachohifadhi ni hela yake.”

Mzee hakukosea sana. Huko Marekani tangazo la namna hii hutumwa miezi sita au zaidi kabla ya siku yenyewe, ili wageni wakate tiketi za ndege na kuomba likizo. Wengine hulichapa kwenye kisumaku cha kubandika kwenye friji. Mgeni akishathibitisha kuja, amebakiwa na zawadi na viatu. Dar es Salaam mgeni ni mfadhili kwanza. Atapokea kadi ya mchango, atatoa ahadi, atakumbushwa ahadi, atakumbushwa kwamba alikumbushwa, na akishatuma elfu hamsini ya singo au laki ya dabo ndipo apate kadi ya kuingilia mlangoni. Picha ya ufukweni ikitua kwenye simu yake haoni mapenzi. Anaona ankara ambayo bado haijaandikwa kiasi.

Halafu kumtangazia mapema ni kumpa nafasi ya kujipanga, ila si kujipanga unakokutaka wewe. Watu hupata safari za kikazi kwenye Jumamosi ambayo bado iko mbali. Simu hupotea. Wengine hujitoa kimyakimya kwenye kundi la WhatsApp, jambo lililorahisishwa tangu 2022, kwani anayetoka siku hizi taarifa yake huwafikia wasimamizi wa kundi tu. Sasa msimamizi wa kundi la harusi ni nani, kama si mweka hazina?

Sheria yenyewe haina papara hizo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe angalau siku 21 kabla, na kanisani tangazo husomwa Jumapili tatu, mwenye pingamizi aseme. (Hatujasikia aliyesimama kueleza kwamba pingamizi lake ni mchango, ingawa nyuso nyingine huonyesha nia.)

Bibi harusi naye alikuwa na hoja. Dada yake anaishi Leicester, ana watoto wa shule, na nauli ya ndege haingojei vikao vya kamati. Tena mwaka wenyewe ulikuwa 2026: Jumatano ya Majivu imeangukia Februari 18, Ramadhani nayo imeanza wiki hiyohiyo, Wakristo na Waislamu wote wameahirisha sherehe kwa mkupuo. Atakayechelewa kusema tarehe yake angekuta wageni wameshaahidi kwingine.

Likatumwa.

Bwana harusi alilitengeneza mwenyewe kwa programu ya simu iliyobuniwa Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Ndoa ilikuwa Novemba 7. Tangazo likaandika 11/07/2026, na ukoo mzima ukasoma Julai 11. Kwa kawaida kosa kama hilo huumbuliwa na siku ya wiki, mtu akiona harusi imeangukia Jumanne. Lakini kila mwaka Julai 11 na Novemba 7 huwa siku moja ya wiki, na mwaka huo zote mbili ni Jumamosi. Waliokagua kalenda waliridhika kabisa. Wengine walisifu kwamba tarehe imepangwa kwa akili, siku nne tu baada ya Sabasaba, mtu anamaliza maonesho na harusi kwa nauli moja.

Kamati ilifurahia michango iliyoingia kwa kasi mwezi Juni bila kujiuliza sababu. Mwenyekiti alianza hata kusema wazo la tangazo lilikuwa lake.

Mwanzoni mwa Julai shangazi wa bwana harusi akapiga simu kutoka Mafinga kuuliza nani atampokea stendi ya Magufuli. Sare ameshashona, tiketi ya basi ameshakata, na kuku wawili wako tayari kwa safari. Bwana harusi akamweleza taratibu kwamba shughuli ni Novemba.

“Sawa, baba,” alisema shangazi. “Basi mimi nakuja Sabasaba. Hiyo ya Novemba mtanitumia nauli.”