Makosa Saba ya Kuteremsha Boti Kutoka Bunia hadi Kasenyi

Desemba 1887 Henry Morton Stanley alisimama ukingoni juu ya Ziwa Albert, maji hayo hapo chini, na boti yake ameiacha nyuma msituni. Ikabidi irudiwe. Ile Advance ya chuma, futi 28, ilifika ziwani Aprili 1888 ikiwa imegawanywa vipande 12, kila kimoja kilo 34 hivi, vichwani mwa wapagazi ambao wengi wao walitoka Zanzibar. Tabu waliiona, ila angalau hakuna aliyepata pancha.

Leo boti nyingi za Kasenyi na Tchomia, kwenye ziwa hilohilo upande wa Kongo, ni za mbao, huundwa hukohuko ufukweni, wala hazijui barabara ni kitu gani. Lakini akitokea mtu mjini na boti ya fiba, injini ya kufunga nyuma na tela, Bunia nzima inakuwa fundi. Basi tuhesabu makosa kurudi nyuma, kuanzia la kuchekesha hadi la kuzikwa.

7. Taa za urembo

"Shoferi, taa za tela zinawaka?" "Zinawaka, mukubwa, ila tumeziweka ndani zisivunjike."

Boti ikishapanda kwenye tela inaficha taa za nyuma za gari, kwa hiyo za tela ndizo pekee anazoziona anayekufuata. Na magari mengi ya hapa yana usukani wa kulia ilhali sisi tunaendesha kulia: shoferi anatazama mtaro, lori linalokuja analiona wa mwisho. Anayekaa kushoto asisinzie. Leo yeye ndiye jicho.

6. Kizibo

Kila boti ya fiba ina kitundu cha kutolea maji chini nyuma, na kizibo chake. Njiani king'oe, maana mvua ya Ituri ikijaza boti umebeba bwawa: kila lita ni kilo. Kabla ya kuingia ziwani kirudishe. Watu huyafanya yote mawili, ila kwa mpangilio wa kinyume. Kifunge kwenye ufunguo wa injini. Asiye na kizibo asiwashe.

5. Kuogesha gurudumu la moto

Umeteremka salama, kila mtu ana hamu, tela linarudishwa majini papo hapo. Subiri kwanza! Kitovu cha gurudumu kimechemka. Kikizamishwa ghafla, hewa iliyo ndani inapoa, inanywea, na maji yanafyonzwa hadi kwenye beringi. Leo hutaona kitu. Utaona wiki ijayo, ukirudi Bunia, gurudumu likikutangulia kupanda mlima. Likague kwa mkono: likiwa na joto unaloweza kulivumilia, sawa, likikuunguza, kunywa chai. Na chomoa waya wa taa kabla ya kurudisha nyuma.

Beba beringi za akiba, grisi, na tairi la akiba la tela lenyewe. Lile la gari, mara nyingi halikubali.

4. "Winchi inatosha"

Winchi inatosha kupandisha boti kwenye tela. Kuishikilia juu ya mashimo ni kazi ya watu wengine: mkanda mwingine mbele, na miwili nyuma inayobana boti chini, kushoto na kulia. Kisha minyororo miwili kutoka kwenye mkono wa tela hadi garini, ipishane chini ya mkono huo, ili kiungo kikichomoka mkono udakwe usichimbe lami. (Lami, pale ilipo.) Baada ya kilomita chache simama ukaze tena. Mkanda uliokazwa Bunia huwa na maoni mengine njiani.

3. Abiria wa bure

Hapa ndipo undugu unapoingia. "Mukubwa, boti si inakwenda tupu?" Kabla hujajibu, kuna magunia matatu ya maharage, pikipiki mbovu na mama mdogo na mtoto wake, wote nyuma kabisa karibu na injini, kwa sababu hapo ndipo pana nafasi.

Boti imeundwa ishikwe na maji tumbo zima. Juu ya tela inakaa kwenye sehemu chache tu, na kila gunia linaumiza palepale. Mtu asipande kabisa, hata kwa heshima ya familia. Kuhusu mzigo, tazama mkono wa tela: kati ya kilo tano na kumi katika kila mia ya uzito wote zikandamize ndoano ya gari. Tela na boti vikiwa kilo 600, tafuta kati ya 30 na 60. Mizani ya kupimia magunia inatosha. Ukiweka maharage nyuma, mkono unapungua uzito na tela linaanza kuyumba, mara kushoto, mara kulia, kila mara zaidi. Likianza hivyo usikanyage breki kwa nguvu: ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ulionyooka, liache litulie. Kisha simama, ushushe maharage. Mama mdogo hukupaswa kumpandisha.

2. Injini inayoning'inia

Injini ya farasi 40 ya mipigo miwili, ya aina tunayoiona kwenye maziwa yetu, ina zaidi ya kilo 70. Ikiinuliwa mguu juu inaegemea nje ya ubao wa nyuma, na kila shimo inavuta ubao huo kuung'oa. "Lakini ina kishikio cha kuizuia juu!" Inacho. Kimewekwa kwa ajili ya boti iliyotulia ufukweni, na kimsingi hakijawahi kusikia habari za barabara hii.

Maoni yangu ni mafupi: ing'oe. Isimamishe kwanza wima maji yote yachuruzike, kisha ilaze garini juu ya kitu laini, kichwa kikiwa juu kuliko mguu, maji yaliyobaki yasirudi kwenye silinda. Ya mipigo minne ina upande wake maalumu wa kulalia, umeandikwa kwenye kitabu chake. Ukikosea, oili inahamia isikotakiwa. Chomoa mpira wa esansi, funga tundu la hewa la tangi, na tangi lisikae karibu na mvutaji. Injini ikilalia godoro na mwenye gari akalalia mkeka, usishangae, ndiyo bei zake.

Ikiwa ni kubwa mno kung'oa, iache wima kama kawaida endapo mguu hausogelei ardhi. Ukisogelea, iinue kiasi na uweke mhimili imara kati ya mguu wake na tela, kisha uifunge isigeuke kushoto na kulia.

1. Gia huru

Bunia iko juu ya ziwa kwa takriban mita 650, na sehemu kubwa ya mteremko inakungoja baada ya Bogoro. Uliza kwanza kama njia iko wazi: Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na barabara haifunguki kwa mapenzi ya mwenye boti.

Halafu kuna ile hekima ya kuokoa esansi: kutoa gia na kujiachia. Tela dogo mara nyingi halina breki zake, kwa hiyo breki za gari zinashika viwili. Zikichemka zinalegea, na mzigo unakusukuma kwa nyuma ukiingia kona. Teremka na gia ambayo ungepandia, ukiingiza kabla ya mteremko, si katikati. Breki gusa na uachie. Zikinuka, egesha, tia mawe nyuma na mbele ya magurudumu, ungoje.

Mwaka 1915 Waingereza walipitisha boti mbili za vita, Mimi na Toutou, futi 40 kila moja, kwenye matela juu ya milima ya Mitumba kuelekea Ziwa Tanganyika, zikivutwa na injini mbili za mvuke pamoja na ng'ombe. Safari ilikula wiki nyingi, na Desemba 26 ziliiteka meli ya Wajerumani, Kingani. Hao walikuwa na vita ya kuwahi. Wewe unakwenda kuvua sangara. Gia ya kwanza.