Risala kwa Kigurudumu



Kwa niaba ya wenzangu wanne wa chumba namba 6, na kwa niaba ya feni ya kompyuta yangu, ambayo ingejaliwa mdomo ingesema yenyewe, nasimama mbele yenu kusoma risala ya kuisifu programu tunayotunzia matoleo ya kazi zetu. Jina lake nalihifadhi. Wanaoitumia wataitambua kwa kigurudumu chake cha bluu, kile kinachochomoza katikati ya dirisha ukibofya kitufe chochote, kikazunguka, kikazunguka, hadi dirisha zima likapauka kama uso wa mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

Kwa wageni wa mambo haya nieleze kidogo. Sisi waandika programu tuko watano, na wote tunashika maandishi ya mfumo mmoja, kila mtu akirekebisha kwenye mashine yake. Lazima awepo karani wa kukumbuka nani alibadili mstari upi, lini na kwa nini, ili siku mambo yakiharibika turudi tulikotoka. Karani huyo ni Git. Juu yake watu wamejenga programu za madirisha na vitufe, ili asiyependa kuandika amri kwenye kile kidirisha cheusi abofye tu, maisha yaendelee. Risala hii ni ya dirisha, si ya karani.

Karani mwenyewe, tuseme ukweli, hakufundwa. Mwaka 2005 watengenezaji wa Linux walipopoteza ruhusa ya kutumia bure chombo chao cha awali, BitKeeper, Linus Torvalds alianza kuandika Git tarehe 3 Aprili, na tarehe 7 mwezi huohuo Git ilikuwa inatunza maandishi yake yenyewe. Siku nne! Kwetu siku nne hazitoshi kupata saini ya kununulia kipanya. Na miongoni mwa masharti aliyojiwekea ni kwamba kupachika badiliko moja kusizidi sekunde 3. Mfini yule hakuwa na bibi wa kumwambia kuwa haraka haraka haina baraka. Ikabidi waje wengine wamvalishe karani wake dirisha zuri, na ndipo baraka zilipoanza kutushukia.

Fadhila ndogondogo nizitaje kwa kupita. Programu hii inajenga afya, maana tangu tuipate natembea hadi kwa muuza kahawa wa pale kona mara nne kwa siku. Inapunguza makosa, kwani asiyeweza kutuma kazi hawezi kutuma kazi mbovu. Na inapasha joto chumba, huduma ambayo hapa Dar es Salaam hakuna aliyekuwa ameiomba.

Fadhila kuu, ile inayostahili kupewa muda wake, ni salamu.

Kila ninaporudi kwenye dirisha lake, hata kama nilitoka kujibu meseji moja tu, programu hii haigusi kazi kabla ya kusalimia. Wala haisalimii kwa jumla, kama mwanasiasa jukwaani anayesema "hamjambo wote" akapokea makofi. Inamwendea mmoja mmoja. Hazina yetu, yaani lile folda kuu analolitunza karani, ina mafaili elfu themanini na nne. Linafuatwa la kwanza: hujambo? Ukubwa wako ni uleule? Mara ya mwisho uliguswa saa ngapi? Faili linajibu kuwa halijambo, liko kama lilivyoachwa. Haya, tunashukuru Mungu. Linafuatwa la pili. Hujambo? La tatu ni picha ya nembo ambayo haijaguswa tangu mfumo uanze, nalo linasalimiwa vilevile, bila upendeleo, maana huwezi kujua, pengine limebadilika usiku.

Si utani, ndivyo karani anavyojua kilichobadilika. Analinganisha ukubwa na saa ya kila faili na alivyoviandika kwenye daftari lake. Vikitofautiana ndipo anafungua faili na kusoma ndani. Akimaliza walioandikwa, anapita kwenye mafolda kutafuta wageni wasiokuwa daftarini. Kwa kawaida ni kazi nyepesi. Kompyuta ya maana hupita maelfu ya mafaili kabla hujapepesa macho.

Dirisha letu, hata hivyo, haliridhiki na raundi moja. Likishajua hali ya mafaili, linataka kujua matawi, yaani njia sambamba za kazi, yako mangapi, na kwa swali hilo linatuma mjumbe mpya. Tawi letu limepishana kiasi gani na lile la kwenye seva? Mjumbe mwingine. Na picha ndogo ya uso wa kila aliyewahi kuandika humu, hata yule aliyeacha kazi kwa ugomvi, ikatafutwe kwenye intaneti. Mjumbe ni programu ndogo inayowashwa na kuzimwa, na kwenye Windows mjumbe hutumia muda mrefu zaidi kuvaa viatu kuliko mwenzake wa Linux. Mwishoni wote wanapokuwa wamerudi wakihema, mimi nimeshabadili herufi moja. Dirisha linahisi kuna kitu kimeguswa. Linarudi kwa faili la kwanza. Hujambo?

Marehemu babu yangu mzaa mama ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona na adabu ya namna hii. Alikuwa akitumwa mafuta ya taa saa kumi jioni, anasalimia kila kibaraza njiani, anauliza hali ya watoto, mbuzi na goti la mwenye nyumba, anafika duka limefungwa. Lakini babu alirudi na habari za kijiji kizima. Dirisha langu linarudi kuniambia kuwa faili moja limebadilika, lile nililolibadilisha mimi.

Jumanne moja risiti za mteja wetu zilianza kutoka na sifuri mbili za ziada. Mtu kanunua vitu vya shilingi 11,800, risiti inadai 1,180,000. Kosa lilikuwa nukta moja iliyodondoka. Niliiona kwa dakika moja, nikaiweka, nikabofya kitufe cha kuirasimisha, na kigurudumu kikachomoza. Simu ikaita. "Kijana, hapa watu wamepanga foleni." Nikasema inakuja, mama. Kigurudumu. Simu. Nikabofya tena, kwa hasira, kosa la kitoto. Dirisha likapauka. Nikaliua, nikalifungua upya, likaniambia haliwezi kufanya lolote kwa sababu kuna Git nyingine inaendelea na kazi. Hapakuwa na Git nyingine! Ilikuwa ni faili la kufuli lililoachwa na yule niliyetoka kumuua, limebaki mlangoni, na mimi naambiwa chumba kina mtu. Nikalifuta kwa mkono. Dakika 14 kwa jumla. Nukta! Sikuomba kuhamisha bandari. Nukta moja, jamani, ukubwa wa kinyesi cha nzi, na mwanamke mtu mzima anatukanwa na wateja wake kwa ajili yangu!

Naomba radhi kwa mgeni rasmi. Turudi kwenye risala.

Jioni ile wenzangu walipoondoka nilikifungua kidirisha cheusi, nikamuuliza karani moja kwa moja, kwa amri ya git status, saa mkononi. Sekunde 9. Swali hilohilo kupitia dirisha: 50. Basi nikajua kuwa kuna ugonjwa wa aina mbili, mmoja wa dirisha na mwingine wa nyumba. Karani ana dawa ya salamu nyingi. Tangu toleo la 2.37, la mwaka 2022, anaweza kujiwekea mtu wa kukaa macho kwenye mashine za Windows na Mac, anayeandika kila faili linaloguswa muda linapoguswa. Ni balozi wa nyumba kumi, hana tofauti. Huna haja ya kugonga kila mlango ukiuliza nani kalala na mgeni, muulize balozi. Nikamwasha balozi huyo. Karani akashuka hadi sekunde 4. Dirisha halikushtuka. Nilihangaika hadi saa mbili usiku ndipo nikagundua kuwa dirisha lina karani wake wa siri tumboni, Git ya zamani lililokuja nayo, na huyo habari za balozi hajawahi kuzisikia. Nikaliamuru litumie wa nje. Nikapunguza urefu wa historia linayoichora, nikazima picha za nyuso. Sekunde 20.

Kwa siku moja nilijiona fundi. Kisha nikataka kujua hizo 20 zinaliwa na nani.

Zinaliwa getini. Mashine zote za ofisi zina antivairasi iliyofungwa na kitengo cha TEHAMA, na hiyo ni mlinzi mwenye daftari la wageni. Kila faili likifunguliwa linasimamishwa: jina, unatoka wapi, unamwona nani, saa ya kuingia, saini. Sisemi mlinzi aondolewe. Mjini humu ukiondoa mlinzi unajua kitakachofuata. Nasema anifahamu. Mafaili hayahaya kayakagua asubuhi, kayakagua saa nne, na saa tano anayauliza tena kabila lao.

Na hayo mafaili elfu themanini na nne, ni ya nani? Si yetu sisi watano. Elfu sitini na moja ni maktaba za kuazima, vitu ambavyo kompyuta yoyote inavipakua upya kwa amri moja, na ambavyo kote duniani watu huviandika kwenye orodha ya vya kupuuzwa. Vimo kwa agizo la bosi. Bosi wetu ni mtu mzuri, analipa tarehe 25 bila kukumbushwa, ila ana hofu moja maishani, nayo ni kupoteza kitu. Zamani flashi yake ilipotelea kwenye daladala pamoja na zabuni nzima. Tangu hapo, alipoambiwa kuwa Git haisahau, ameingiza humo kila alichonacho: mihtasari ya vikao, picha za sherehe, fomu za kitengo, na video ya uzinduzi wa mfumo, MB 740, mgeni rasmi akikata utepe kwa mkasi usiokata.

Video niliifuta. Ikatoweka kwenye folda, na hazina haikupungua hata punje, kwa sababu karani anatunza na yaliyofutwa. Ndiyo kazi tuliyompa. Kila mwajiriwa mpya anayechukua nakala ya hazina anapakua na ule utepe. Kuutoa kabisa kunataka historia iandikwe upya kuanzia siku ile, kila toleo lililofuata lipate namba mpya ya utambulisho, na sote tuchukue nakala upya. Kazi ya mchana mmoja. Nikakosea maneno, nikamwambia bosi tunahitaji "kuandika upya historia".

"Ya nani?" akauliza, na sauti imeshashuka.

Nikaeleza kwamba ni jambo dogo, tunarekebisha kisha tunakomiti upya. Sisi kurasimisha badiliko tunaita kukomiti. Ofisi ikasikia kamati. Iliundwa wiki hiyohiyo, wajumbe saba, posho ya kikao, na muhtasari wake wa kwanza umehifadhiwa kwenye hazina.

Msidhani haya hayawakuti wakubwa. Microsoft walipoihamishia Windows kwenye Git walikuwa na mafaili karibu milioni 3.5, uzito wa karibu GB 300, na kuuliza tu hali ya mafaili kulichukua takriban dakika 10 kabla hawajatengeneza chombo maalumu cha kubeba mzigo ule. Dakika 10, Windows nzima. Sisi, watu watano na mfumo wa risiti, siku ya nukta tulifikisha 14. Sifa kama hizi nchi yetu haizipati kila siku.

Limebaki geti. Nilikwenda kitengo cha TEHAMA kuomba folda moja, moja tu, iachwe isikaguliwe kila inapoguswa.

"Umejaribu kuzima na kuwasha?"

"Nimejaribu, mkuu."

"Kuiondoa na kuiweka upya?"

"Mara mbili."

"Basi hiyo itakuwa ni intaneti."

Nikaeleza kuwa mafaili yamo ndani ya mashine, hayatoki nje. Akanisikiliza kwa upole wa daktari anayesubiri mgonjwa amalize, akafungua droo, akanipa fomu ya kuomba msamaha wa ukaguzi. Saini tatu: mwombaji, mkuu wa idara, mkuu wa kitengo. Ya pili niliipata baada ya wiki mbili, kwa kuwa mkuu wa idara ni mjumbe wa kamati. Jana nikairudisha ikiwa kamili, nimeibeba ndani ya bahasha ili isikunjike.

Mkuu wa kitengo aliigeuza mbele na nyuma. "Hii ni toleo la zamani," akasema. "Fomu ilibadilishwa mwezi uliopita."

Nikamwuliza toleo jipya nalipata wapi.

"Si mnalo huko kwenu? Bosi aliagiza tuliweke kwenye hazina ili lisipotee. Fungua programu yenu, ulivute."

Nimeifungua tangu saa tatu asubuhi, nikaona badala ya kukaa bure niandike risala. Kigurudumu kinazunguka. Inasalimia.