Shangazi wa Mtungi Akujibu

Barua za wiki hii zimetoka pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, na moja imeandikwa nyuma ya risiti ya saruji. Wanaotaka kujua kama mume atarudi wawaandikie mashangazi wengine. Mimi kazi yangu ni gesi ya kupikia, ingawa mtaona kwamba ndoa na mtungi hukaa jikoni moja.

*Shangazi, nilioa Tororo. Mke wangu alikuja Busia na vyombo vyake, ukiwemo mtungi wa kilo 13. Gesi ilipokwisha niliupeleka dukani hapa Marachi, muuzaji akautazama kama noti bandia na kuukataa. Regulata yangu nayo haikuingia. Mke wangu analia kwamba tumewadharau watu wa kwao. Nifanye nini? Bwana Harusi, Busia, Kenya.*

Mwanangu, muuzaji hajaikataa ndoa yako. Kila mtungi una mwenyewe, nayo ni kampuni ambayo jina lake limeandikwa ubavuni. Zamani, chini ya kanuni za Kenya za mwaka 2009, kampuni zililazimika kupokeana mitungi, na wewe ungebadilisha wa huyu kwa wa yule. Kanuni za mwaka 2019 ziliuvunja utaratibu huo, na siku hizi kuujaza mtungi wa kampuni nyingine bila idhini yake ni kosa. Sasa mtungi ambao kampuni yake haifanyi biashara upande huu, muuzaji aupeleke wapi? Kinachochekesha ni kwamba Uganda haichimbi gesi ya kupikia. Huiagiza, na nyingi hushushwa Mombasa na kupita Malaba na Busia kwenye malori. Huenda gesi ya mkeo ilipita mbele ya mlango wako ikiwa bado haina mtungi.

Regulata ndiyo iliyonitia hofu. Kanuni zile za 2009 zilitaka vali za mitungi ya Kenya ziwe za aina moja. Huko ng'ambo zipo za aina mbalimbali. Regulata isiyoingia haiombwi, hailazimishwi, haigongwi kwa mchi, wala haizungushiwi kipande cha tyubu ya baiskeli. Ikikaa vizuri hulia "tap" na haichezi. Isipolia, mtungi huo si wake.

Nunua mtungi wa hapa. Ule wa Tororo mpelekee mama mkwe, pamoja na pesa ya kuujaza. Mtungi mtupu peke yake usimpelekee; utarudi kuniandikia.

*Shangazi, mume wangu akiona moto wa meko umefifia huulaza mtungi ubavu, au huupindua kichwa chini, na juzi aliukalisha ndani ya beseni la maji yanayochemka. Anasema gesi imebaki na yeye hakulipia hewa. Mama Watoto, Malaba.*

Mwambie mumeo aketi, halafu umsomee haya polepole.

Ndani ya mtungi mna kimiminika, nacho ni propani na butani zilizogandamizwa hadi zikawa majimaji. Juu ya majimaji hayo ndipo inapokaa gesi, na gesi hiyo tu ndiyo inayotakiwa kutoka. Ndiyo maana mtungi husimama. Ukiulaza, majimaji yenyewe huingia kwenye regulata na jiko, na lita moja yake ikitoka nje hugeuka kuwa lita 250 na zaidi za gesi. Jiko lililotengenezwa kwa moto wa kimo cha kidole hutoa moto wa kufika kwenye mabati. Na maji yanayochemka huongeza shinikizo ndani ya chuma ambacho hakikuundwa kuchemshwa.

Lakini ana hoja, tusimnyime. Moto hufifia hata kabla gesi haijaisha, kwa sababu majimaji yakigeuka gesi hunyonya joto, mtungi ukawa baridi na ukatoka jasho kwa nje. Ukiona hivyo baada ya kupika maharagwe kwa muda mrefu, zima, uache mtungi upumzike hadi urudi kwenye joto la kawaida. Hilo tu.

Kuhusu pesa yake, atumie mizani badala ya beseni. Kwenye shingo ya mtungi pamepigwa uzito wa mtungi mtupu, mara nyingi kwa herufi T.W. au neno TARE. Tuseme pameandikwa 13.5. Mtungi wa kilo 13 uliojaa lazima usome 26.5. Ukisoma 25, umeibiwa kilo moja na nusu hapo hapo dukani, na muuzaji asiyetaka kupima ameshakujibu. Nyumbani nako, ukifika 13.5 gesi imekwisha, hata mumeo auimbie. Wanaume wengi wa mpakani hupigania shilingi kumi za kubadilisha pesa kwa nusu saa, kisha wanabeba mtungi bila kuupima. Sijawahi kuwaelewa.

*Shangazi, ploti yetu ina wezi. Usiku nausukuma mtungi uvunguni na kufunga madirisha yote. Nalala salama? Mwenye Hofu, Tororo.*

Hulali salama. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kwenda dirishani. Hutambaa sakafuni na kujaa mahali pa chini, na hapo chini ndipo ulipo uvungu wako. Weka mtungi nje penye kivuli, mbali na mtaro na shimo, uufunge kwa mnyororo na kufuli. Kama una chumba kimoja tu, mtungi ukae karibu na mlango, nawe ufunge vali kila ukimaliza kupika. Mwizi akiuchukua, utakuwa umepoteza mtungi tu.

*Shangazi, mama mkwe wangu ametutembelea kutoka Samia. Kila asubuhi jikoni pananuka yai bovu. Yeye anasema ni uchafu wangu. Mume wangu anasema ni gesi, na jana alizungusha kibiriti kinachowaka kwenye mpira akitafuta inapovujia. Nani ana haki? Mke wa Mtu, Busia, Uganda.*

Mumeo ana haki, na haki hiyo nusura imzike.

Gesi yenyewe haina harufu. Hiyo ya yai bovu hutiwa kwa makusudi, na somo lake lilikuwa chungu. Machi 18, 1937, katika mji wa New London jimboni Texas, Marekani, gesi asilia isiyo na harufu ilivuja chini ya sakafu ya shule. Hakuna aliyenusa kitu. Cheche moja ilitosha, na karibu watu 300 walikufa, wengi wao wanafunzi. Baada ya hapo Texas ilitunga sheria kwamba gesi itiwe harufu, na wengine wakafuata. Kwa hiyo mnachonusa asubuhi ni onyo.

Mkinusa, fungeni vali, fungueni mlango na madirisha, tokeni. Msiwashe taa, na kama inawaka msiizime, kwa maana swichi hutoa cheche kote kuwili. Simu ipigwe mkiwa nje.

Harufu ikishaisha kabisa, tafuteni kwa povu. Koroga sabuni na maji, fungua vali bila kuwasha jiko, upake povu kwenye vali, kwenye regulata, kwenye vibano na mpira wote. Penye tundu povu litavimba lenyewe. Nabashiri litavimba kwenye mpira. Hapo ndipo watu wetu wanapobana matumizi: jiko la kioo, vigae ukutani, halafu mpira uliochanika nchani na kufungwa kwa waya, au mpira wa kumwagilia bustani. Ukikunja mpira ukaona nyufa, tupa. Usiufunge kwa nailoni.

Mama mkwe apewe rasmi kazi ya kunusa, kwa kuwa tayari ameianza.

*Shangazi, mimi ni boda. Nabeba mitungi minne kwa mara moja, imelala nyuma, na polisi wananisumbua. Kijana wa Kazi, Sofia.*

Leo polisi wana haki. Mtungi husafiri umesimama na umefungwa, na hiyo minne haitasimama kwenye pikipiki yako.

*Shangazi, jirani yangu ana mitungi mikubwa uani. Usiku huunganisha mpira na kumimina gesi kwenye mitungi ya kilo 6. Anauza bei nafuu, nami ni mteja wake. Ukuta wa pili kuna mama anayekaanga chapati kwa makaa. Nimwache tu ajitafutie? Jirani Mwema, Busia, Kenya.*

Hapa sina mzaha. Mtungi haujazwi hadi juu. Huachwa nafasi, kwa sababu majimaji hutanuka yakipata joto, nawe unalijua jua la Busia la saa nane. Anayemimina gizani bila mizani hawezi kujua ameacha nafasi kiasi gani. Na kila akiunganisha na kuchomoa mpira, gesi humwagika na kutambaa chini ya ukuta hadi kwa yule mama.

Usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lililipuka huko Mradi, Embakasi, Nairobi, kwenye kituo cha kujazia kilichokuwa katikati ya makazi. Watu walikufa, zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, EPRA, ilisema maombi ya kibali cha mahali hapo yalikuwa yamekataliwa zaidi ya mara moja mwaka 2023. Majirani wengi walikuwa wamelala.

Acha kununua kwake. Piga ripoti polisi na EPRA. Na msomaji wa Uganda mwenye jirani wa namna hii aende kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, na polisi. Lakini kwanza mwambie mama wa chapati, leo jioni, kabla hajawasha makaa.