Kesi ya Nyani wa Nou

Nyani wa Msitu wa Nou hawana dini wala adabu. Mahindi yakianza kukomaa wanateremka mashambani kwetu huku Mbulu ukoo mzima, majike na watoto mgongoni, na usipoweka mlinzi utavuna mabua. Mlinzi wetu ni kijana wangu wa darasa la tano, mwenye manati na sauti ya kutosha.

Msimu huu mahindi ya upande wa msituni yaliliwa huku mlinzi yuko kazini. Baba mkwe akaenda kuvizia. Akamkuta mjukuu ameweka manati chini, anamega ugali wake wa mchana na kuwarushia nyani wawili wakubwa, tena anawaamkia: "Shikamooni."

Alipobanwa akachomoa kitabu ndani ya shati: Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Humo ndugu wawili waliomtosa mwenzao baharini wanageuzwa manyani na jini aitwaye Huria, na Adili anaamriwa kuwachapa kila usiku. Anawachapa akilia, kisha anawalisha.

"Sasa Babu, nitajuaje kama hawa si watu?"

Usiku baraza likakaa jikoni, makande yakapoa. Baba mkwe, mzee wa kanisa, alitaka kitabu kiingie mafigani: kina majini, kina mji uliogeuka mawe, kina viboko. Tena alisikia redioni, Februari 2023, wizara ikipiga marufuku vitabu 16 mashuleni. Hiki lazima kimo. Mume wangu akamweleza kwamba marufuku ile ilivihusu vitabu kama Diary of a Wimpy Kid, na shauri lilikuwa maadili, si majini. Hiki kilitoka 1952, na mwandishi ni mtu wa Tanga, ingawa kisa alikichota katika Alfu Lela Ulela.

"Jini ni jini," akasema mzee.

Ndipo mama mkwe, aliyekuwa akichochea kuni, akauliza: "Mke wa Lutu aligeuka nini?" Mzee akakohoa. "Na Nebukadreza alikula nini?" Huyu ndiye aliyelea wanawe wote kwa hadithi za netlangw, pepo wa chemchemini (mimi mwenyewe, nilipoolewa hapa, jioni sikuteka maji), na hakuna aliyewahi kumuuliza umri wa wasikilizaji wake.

Mimi nilishikilia viboko. Jini hamtishi mtoto aliyelelewa na bibi huyu, lakini mtu mwema kumpiga ndugu yake kila usiku kwa amri, hapo pana haja ya mtu mzima pembeni. Nikamuuliza kijana amefika wapi. Kumbe nusu! Hajui kwamba Mfalme Rai anaingilia kati, ndugu wanarudia utu wao na Adili anawasamehe.

Tukakata shauri: kitabu kibaki, kurasa za viboko azisome mbele yetu, na akimalize. Mzee amekichukua kwanza, ati anakikagua, na hajakirudisha mpaka leo. Shambani sasa analinda dada mtu, ambaye hadithi hazimpendezi hata kidogo.